Kutafuta Maneno ya Kiingereza kwa Herufi Zilizotolewa

Walimu wengi wanaoanza kazi hupenda kutumia mchezo wa maneno katika somo la Kiingereza. Mwalimu huandika herufi chache ubaoni na kuwataka watoto waunde maneno mengi kadiri wawezavyo. Zoezi hili halihitaji vifaa, na darasa huchangamka. Lakini tukitazama kwa makini tutaona kwamba wanaochangamka ni watoto watatu au wanne wale wale, ambao tayari wana akiba ya maneno. Waliobaki huzikodolea macho herufi mpaka kengele ilie. Wameambiwa watafute, lakini hawakufundishwa namna ya kutafuta.

Hebu tumfikirie mtoto aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili. Amezoea silabi: ba, be, bi, bo, bu. Kwake herufi ina sauti yake, na neno huishia kwa irabu. Aandikapo “kat” badala ya “cat” ametii sheria aliyofundishwa, tena sheria nzuri. Kwa hiyo kabla ya mchezo kuanza ni lazima mwalimu aamue, na awaambie watoto waziwazi, kama wanatafuta herufi kwa jicho au sauti kwa sikio. Tukitafuta herufi K, tutayakubali “knee”, “knife” na “know”, ingawa K haisikiki kamwe ndani yake. Tukitafuta sauti ya K, hayo yote yatatupwa, na badala yake yataingia “cat”, “school”, “duck” na “queen”. Hii ni michezo miwili, na kuichanganya ndiko kunakowavunja moyo watoto wanyonge.

Sasa tuchukue mchezo wa jicho. Tuseme herufi zilizotolewa ni T, E, A, M, R na S, na kila moja itumike mara moja tu katika neno. Mtoto asiyeongozwa atarukaruka. Tumwongoze ashike kwanza irabu, kisha azizungushie konsonanti. Akishika E na A pamoja atapata “tea” na “eat”. Akiongeza M atapata “team” na “meat”. Akiongeza S mbele ya “team” atapata “steam”. Halafu ashike mwisho wa neno na kubadili mwanzo wake: kutokana na “ate” atapata “mate” na “rate”, kutokana na “art” atafika kwenye “smart”. Hapa ndipo ugumu wa kweli ulipo, kwa maana Kiingereza hurundika konsonanti pamoja kuliko alivyozoea mtoto wetu. Basi tumwonyeshe kwamba S na T huweza kufuatana, kama katika “star”, na hata S, T na R kwa pamoja. Atakapokubali hilo, “stream” litajitokeza lenyewe. Inafaa pia herufi ziandikwe kwa duara badala ya mstari, kwa sababu jicho hunaswa na mpangilio wa kwanza liliouona. Katika duara “master” huonekana upesi zaidi.

Kamusi itatusaidia kidogo tu katika kazi hii, kwani imepangwa kwa herufi ya kwanza ya neno. Anayetafuta X mwanzoni mwa maneno atachoka bure. Aitafute mwishoni, katika “box”, “six” na “mix”, au katikati, katika “next” na “taxi”. Q, ambayo kama X haimo katika tahajia ya Kiswahili, karibu kila mara hufuatwa na U: “quick”, “quiet”, “question”. Maneno ya kawaida ya Kiingereza hayaishii kwa V wala J. Ndiyo maana “give” na “five” huwa na E isiyotamkwa, na “page” na “bridge” huandikwa kwa G. Mtoto ajuaye mahali ambapo herufi haikai amejipunguzia nusu ya kazi.

Uchaguzi wa herufi nao usifanywe ovyo. Mmarekani Alfred Butts, msanifu majengo aliyebuni mchezo uliokuja kuitwa Scrabble mwaka 1948, alihesabu herufi katika magazeti ili ajue zipi hutumika sana. Katika vigae 100 vya mchezo huo wa Kiingereza, E ni 12, A na I ni 9 kila moja, lakini Q na Z ni kimoja kimoja na vina alama 10. S ni vinne tu, kwa sababu kuongeza S ya wingi ni njia rahisi mno ya kupata alama. Mwalimu anayekata kadi zake kutoka katika maboksi anaweza kufuata vipimo hivyo, mradi asivihamishie katika somo la Kiswahili. Huko A zingemwishia mapema.

Mwalimu aandike orodha yake mwenyewe nyumbani kabla ya kipindi, la sivyo atakataa neno halali mbele ya darasa zima. Watoto wafanye kazi wawili wawili, mwepesi na mzito, na mzito ndiye ashike kalamu. Neno lipewe alama pale tu walioliandika wanapoweza kulitumia katika sentensi. Neno na wingi wake vihesabiwe kuwa kitu kimoja. Dakika kumi zatosha, na maneno ambayo hakuna aliyeyapata yaandikwe ubaoni, yasomwe kwa sauti na kunakiliwa daftarini kwa ajili ya kipindi kijacho.