Kustaafu kazi si kustaafu watu: Funzo la Ruring'u kwa wastaafu

MTUMISHI anapokabidhi funguo za ofisi na kuagwa kwa hotuba, keki na zawadi, aghalabu huulizwa swali moja: je, malipo ya uzeeni yataanza lini? Ni nadra kuulizwa ni nani atakayekuwa akimngojea Jumatatu asubuhi.

Hata hivyo, hilo la pili ndilo zito zaidi. Mbali na mshahara, kazi humpa mtu mambo manne ambayo hayatambui hadi yamtoke: ratiba ya siku, wenzake wa kuzungumza nao, heshima ya kuombwa ushauri, na sababu ya kutoka nyumbani. Pensheni hufidia sehemu ya mshahara tu. Hayo mengine manne mstaafu hana budi kujitafutia mwenyewe.

Nchini Kenya, umri wa kustaafu kwa watumishi wengi wa umma uliongezwa mwaka wa 2009 kutoka miaka 55 hadi 60. Anayestaafu akiwa na afya njema huenda akaishi miaka 20 au zaidi baada ya hapo. Huo ni muda mrefu mno kuupitisha kwenye kiti cha sebuleni.

Mjini Nyeri na viunga vyake, tatizo hili lina sura inayojulikana. Watoto wamehamia Nairobi au ng'ambo. Aliyefanya kazi mbali na kwao kwa miaka 30 hurejea na kukuta wenzake wa rika wametawanyika, na wengine wametangulia mbele ya haki. Wanawake mara nyingi huwa na kinga, kwa kuwa chama cha kuchangiana pesa na kikundi cha akina mama kanisani havikuanzia ofisini, wala haviishii huko. Wanaume wengi, kwa upande mwingine, marafiki wao walikuwa wa kazini. Kazi ikiisha, urafiki nao hufifia, na mlango ulio rahisi kufunguka huwa ule wa baa.

Upweke si huzuni tu ya moyoni. Katika ripoti iliyotolewa Juni 2025, tume ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ilikadiria kuwa mtu mmoja kati ya sita duniani hukabiliwa na upweke, na kwamba hali hiyo huhusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Miongoni mwa madhara yaliyotajwa ni kiharusi, maradhi ya moyo, kisukari na kudhoofika kwa akili.

Ajabu ni kwamba dawa ya tatizo hili haikuwa ngeni katika eneo hili. Ruring'u, sehemu ya mji wa Nyeri ambayo wengi huijua kwa uwanja wake wa michezo, kuna pia jengo la mahakama ya Waafrika lililojengwa miaka ya 1920, ambalo leo ni Makavazi ya Nyeri. Humo wazee waliketi kusikiliza kesi kwa kufuata mila.

Katika desturi za Agikuyu, mtu alipopanda daraja la kiama, yaani baraza la wazee, majukumu yake kwa jamii yaliongezeka. Uzee ulimwingiza mtu barazani, haukumtoa. Ajira ya mshahara ndiyo iliyopindua mpango huo, ikawa mtu anapofikisha umri fulani huambiwa apumzike.

Katiba ya 2010 inaafikiana na busara hiyo ya kale. Kifungu cha 57 kinataka serikali ichukue hatua za kuhakikisha kuwa wazee wanashiriki kikamilifu katika shughuli za jamii na kujiendeleza.

Je, mstaafu achague shughuli gani? Kipimo kizuri kina sehemu tatu: iwe na siku maalumu, iwe na watu watakaouliza uliko usipofika, na iwe na manufaa yanayoonekana. Kusikiliza redio ni starehe, lakini hakuna atakayegundua kuwa hukusikiliza. Kuimba katika kwaya, kucheza bao au drafti na kikundi kila Alhamisi, au kuwasaidia wanafunzi kusoma ni jambo tofauti.

Mjini Baltimore, Marekani, mpango uitwao Experience Corps uliwapeleka watu wa miaka 60 na zaidi katika shule za msingi kwa takriban saa 15 kwa wiki ili wawasaidie watoto kusoma. Watafiti waliowalinganisha na wenzao wasiojitolea walibaini, katika matokeo yaliyochapishwa 2004, kuwa waliojitolea walikuwa wakijishughulisha zaidi kimwili, na idadi ya watu wa kuwakimbilia wanapohitaji msaada iliongezeka.

Anayependa shamba kuliko darasa ana mfano wa karibu zaidi. Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Nyeri, alianzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977 kwa kuwakusanya wanawake wa vijijini katika vikundi vya kuotesha miche. Leo, vyama vya jamii vya kuhifadhi misitu, ambavyo sheria inavitambua, vinahitaji mikono kando ya Mlima Kenya na Aberdare.

Tahadhari nazo zipo. Aliyekuwa mkuu ofisini asiingie katika kikundi akitaka kuwa mwenyekiti siku ya kwanza. Aanze kwa kubeba viti. Asikubali kamati tano kwa pamoja, wala asitoe kiinua mgongo chake kwa mradi asioufahamu kwa sababu tu umeitwa wa kujitolea. Anayetaka kusaidia shuleni apitie kwa mwalimu mkuu.

La muhimu zaidi ni wakati wa kuanza. Urafiki, sawa na mbuni, hauzai mwaka unaopandwa. Mwenye miaka 57 leo anao muda wa kujiunga na kikundi kimoja Jumamosi, ili siku ya kukabidhi funguo itakapofika, pawe tayari na watu wanaomngojea kwingine.