Majumba ya Mji Mkongwe: kweli na si kweli

"Saruji ni imara kuliko chokaa." Kwa majumba haya, si kweli. Kuta za Mji Mkongwe, Unguja, ni nene, za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo. Jiwe hilo hunyonya maji ya mvua na unyevu wa ardhini, kisha huutoa polepole kupitia plasta ya chokaa. Ukipiga saruji juu yake, umeufungia unyevu ndani. Hupanda ukutani, chumvi ikaganda nyuma ya plasta, plasta ikavimba na kubanduka pamoja na uso wa jiwe. Kibaya zaidi, ncha za boriti zilizochomekwa ukutani huoza bila mtu kuona. Siku dari ikianguka, lawama huenda kwa ukongwe wa nyumba, na saruji haitajwi. Hili linaniuma, kwa sababu fundi aliyeipiga alilipwa kuiokoa nyumba.

"Misumari ya shaba milangoni ni ya kuzuia tembo." Si kweli. Unguja haina tembo. Ni pambo lenye asili ya India.

"Vyumba ni vyembamba kwa sababu ya mila." Si mila tu. Boriti ya mkoko hubeba upana wa mita tatu hivi. Chumba kinaweza kurefuka mwenyewe atakavyo, lakini upana huamuliwa na mti.

"Yote ni ya kale sana." Si kweli. Mengi ni ya karne ya 19, na mengine ni ya karne ya 20. Makazi ya mwakilishi wa Uingereza, leo Ikulu ya Zanzibar, yalijengwa mwaka 1903 kwa ramani ya John Houston Sinclair, aliyependa kuchanganya matao ya Kiarabu na mpangilio wa Kizungu.

"Ikulu ya Dar es Salaam ni kazi ya Wajerumani." Nusu kweli. Jumba la gavana wao lilibomolewa na mizinga ya manowari za Waingereza mwaka 1914. Tunaloliona leo lilijengwa upya mwaka 1922, na mchoraji ni Sinclair huyohuyo.

"Mabati yamezinusuru nyumba za Mji Mkongwe." Kweli. Mapaa bapa ya chokaa yalivuja, watu wakayafunika kwa mabati ya mteremko. Ila bati likitoboka na kuachwa, maji hushuka moja kwa moja hadi kwenye boriti.