Wimbo Unaishi, Mtunzi Anakula Nini?

Ndugu msikilizaji, watu wazima wa Iringa na Mbeya wanaikumbuka miaka ile ambapo picha ya Kihindi ilikuwa ikija mjini, watu wanapanga foleni ya tiketi. Lugha wengi hatukuijua, lakini tulitoka ukumbini tukiimba. Kesho yake nyimbo zile zilipigiwa mluzi sokoni na stendi ya mabasi. Majina ya waigizaji tuliyajua: Amitabh Bachchan, Dharmendra, Hema Malini. Jina la aliyetunga muziki halikutushughulisha. Leo tumzungumze huyo, kwani maisha yake yana somo kwa watunzi wetu wa Nyanda za Juu Kusini.

Chukua picha ya Sholay ya mwaka 1975. Muziki wake ulitungwa na Rahul Dev Burman, aliyezaliwa Calcutta mwaka 1939, mtoto wa mtunzi mwingine mashuhuri, Sachin Dev Burman. Alipata jina mwaka 1966 kwa picha ya Teesri Manzil. Miaka ya 1970 watengenezaji wa picha wa Bombay walimkimbilia. Alichanganya ngoma za kwao na gitaa na tarumbeta za nchi za mbali, na watu wakapenda.

Kisha upepo ukageuka. Disko likaingia. Mwaka 1982 picha ya Disco Dancer, yenye muziki wa Bappi Lahiri, ikavuma hadi huku kwetu. Picha kadhaa alizozitungia Burman zikaanguka, na wale waliokuwa wakimbembeleza wakahamia kwa wengine. Kutunga hakusahau. Picha ya Ijaazat ya mwaka 1987 ilimpatia mkewe, mwimbaji Asha Bhosle, tuzo ya taifa kwa wimbo alioutunga yeye. Lakini sifa ni kitu kimoja na kazi ni kitu kingine. Mwaka 1988 alipatwa na maradhi ya moyo, na tarehe 4 Januari 1994 akafariki akiwa na umri wa miaka 54. Mwaka huohuo ikatoka picha ya 1942: A Love Story, na nyimbo zake zikapendwa India nzima. Mwaka 1995 alipewa tuzo ya Filmfare ya mtunzi bora, na mwenyewe hayupo kuipokea.

Kwa nini mtu aliyetungia picha zaidi ya 300 ayumbe hivyo? Jibu liko katika namna ya kulipwa. Mtunzi wa picha hupewa ujira wa kazi. Mwaka 1977 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya India iliamua kwamba muziki uliotungwa kwa kuagizwa na mtengenezaji wa picha, mwenye haki ya kwanza ni mtengenezaji huyo, isipokuwa mkataba useme vingine. Kwa hiyo riziki ya mtunzi ilitegemea sana picha inayofuata. Picha ikianguka, hata kwa kosa la hadithi au la mwigizaji, simu ya mtunzi nayo hunyamaza.

Sasa tusiseme hayo ni ya Bombay tu. Turudi hapa Iringa. Miaka ya 1980 mji huu ulikuwa na bendi iliyotikisa nchi, Tancut Almasi Orchestra. Ilikuwa mali ya shirika la umma la kukata almasi. Waliosimama mbele ni mapacha kutoka Zaire, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, na gitaa la Kawelee Mutimwana likiwasindikiza. Nani wa rika lile asiyeujua wimbo wa Masafa Marefu, au Nimemkaribisha Nyoka?

Utaratibu wa bendi za namna hiyo ulieleweka. Shirika lilinunua vyombo, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Ulikuwa ulezi mzuri. Mtunzi alijua mwisho wa mwezi atapata chochote, hata ukumbi ukiwa mtupu. Lakini aliyeondoka aliliacha gitaa nyuma, kwani halikuwa lake. Nyimbo zilirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam, zikasikika kutoka Kyela hadi Bukoba, na kusikika huko hakukuongeza senti kubwa mfukoni. Kaseti nazo zilinakiliwa madukani bila kumuuliza mwenyewe.

Ilipofika miaka ya 1990 mashirika ya umma yakayumba, mengine yakauzwa, mengine yakafungwa. Mlezi akianguka, bendi huanguka naye. Tancut Almasi ikabaki katika kanda za redio na katika kumbukumbu zetu. Angalia basi, ndugu msikilizaji: Bombay mlezi alikuwa mwenye picha, Iringa alikuwa kiwanda cha almasi, na kote wimbo haukuwa na kosa. Kilichoanguka ni kile kilichoubeba.

Wenzetu walijirekebisha. Mwaka 2012 India ilibadili sheria yake ya hakimiliki, mtunzi wa muziki na mwandishi wa maneno wakapewa fungu la mapato ambalo hawawezi kulisaini likapotea, nje ya kuonyeshwa kwa picha yenyewe katika majumba ya sinema. Burman hakuishi kuliona fungu hilo. Nasi tulipata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, na kwa sheria hiyo ikaundwa COSOTA.

Lakini sheria haimfuati mtu nyumbani. Kijana wa Mwanjelwa au wa Kihesa anayeingia studio leo na wimbo wake ajiulize mambo matatu kabla ya kushika kalamu. Je, ninauza kazi ya siku moja au ninauza wimbo wenyewe? Je, mkataba unasema nitapata nini wimbo ukipigwa baada ya miaka kumi? Je, jina langu limeandikishwa kuwa ndiye mtunzi? Anayepokea bahasha ya leo bila kuuliza hayo anaweza kuja kuusikia wimbo wake ndani ya basi la Mbeya, abiria wote wakiuimba, naye hana nauli ya kushukia Makambako.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Kwa mtunzi, kivuli hicho ni karatasi iliyoandikwa vizuri. Asipoitafuta wakati jina lake liko juu, atakaokula kivulini ni wengine.