Jeni ndugu zinazofungua jani la mpunga

Mkulima wa bonde la Ruzizi, awe wa Kiliba, Sange au Luberizi, akiona doa lenye ncha mbili, kijivu katikati na kahawia pembeni, ajue ni ugonjwa wa pirikulariozi. Tanzania wanauita blasti. Ukifika kwenye shingo ya shuke, shuke husimama jeupe, halina punje. Unaletwa na kuvu aitwaye Magnaporthe oryzae.

Spora yake hutua kwenye jani lenye umande. Ndani ya saa chache huota na kujenga kifuko cheusi chenye shinikizo linalofikia megapaskali 8, karibu mara 40 ya upepo wa tairi la gari. Kwa shinikizo hilo kuvu hutoboa jani. Lakini jani limevikwa kutini juu, na chini kuna kuta za selulosi na zailani, kwa hiyo kuvu hutoa pia vimeng'enya: kutinesi ya kuyeyusha kutini, selulesi ya selulosi, zailanesi ya zailani.

Ramani ya jeni za kuvu huyu ilitangazwa mwaka 2005 na Ralph Dean na wenzake, ya kwanza kwa kuvu anayeshambulia mimea. Ilionyesha jeni zipatazo 11,000, na kwamba vimeng'enya hivi vina jeni nyingi zinazofanana, kama ndugu wa ukoo mmoja. Ukoo hukua jeni inaponakiliwa mara mbili: nakala moja hubaki na kazi ya zamani, nyingine huwa huru kubadilika.

Mwaka 1992 watafiti waliiharibu jeni moja ya kutinesi, CUT1. Mpunga uliendelea kuugua vilevile, na ilikuwa rahisi kudhani kutinesi haina maana. Mwaka 2007 Pari Skamnioti na Sarah Gurr, wa Oxford, wakaharibu ndugu yake, CUT2, na safari hii kuvu akalegea. Ajabu iliyonivutia zaidi ni sababu yake. Vipande vidogo vinavyomeguka kutoka kwenye kutini ndivyo vinavyomjulisha kuvu kwamba amefika juu ya jani na aanze kujenga kifuko. Walipompa vipande vilivyotengenezwa maabara, nguvu zake zilirudi. Kumbe kimeng'enya kile kilikuwa pua pia, si jembe tu.

Ndiyo maana sitegemei dawa ya kuzima kimeng'enya kimoja peke yake. Huenda ndugu yake akashika zamu. Tunachoweza ni kumkuta kuvu kabla hajagusa jani bichi, akiwa bado kwenye mbegu na mabua makavu. Ndugu mkulima, usichukue mbegu shambani mwenye mashuke meupe, ondoa mabua yaliyougua, na urea uigawe kwa awamu: mpunga uliolishwa naitrojeni kupita kiasi huugua zaidi.