Mita Iko Mbele ya Dereva

Katika mashindano ya Greenpower nchini Uingereza, yaliyoanza mwaka 1999 kwenye uwanja wa Goodwood, shule huleta magari ya umeme yaliyoundwa na wanafunzi. Daraja la F24 ni la watoto wa miaka 11 hadi 16. Mota ni ya aina moja kwa wote, ya volti 24, na kila gari lina betri mbili za volti 12. Mshindi ni aliyekwenda mbali zaidi kabla ya muda kwisha, na kwa miaka mingi muda huo ulikuwa dakika 90. Betri zikifa kabla ya hapo, gari limesimama. Hakuna wa kuombwa nyongeza.

Hapo pa nyongeza ndipo ninapopataka. Miradi mingi ya maendeleo tunayoisoma kwenye taarifa za utekelezaji ina nyongeza ya muda, kisha ya fedha, kisha ya maelezo. Watoto hawa wanapanga wakijua kwamba walichonacho asubuhi ndicho chote.

Na walichonacho ni kidogo. Betri zilizozoeleka huandikwa ampea-saa 36. Zidisha kwa volti 24 upate wati-saa 864, akiba ambayo birika la umeme la wati 2,000 lingeimaliza kwa chini ya nusu saa. Ukiigawa kwa saa moja na nusu unapata wati 576, na kwenye makaratasi mambo yanakwenda vizuri. Uwanjani wati hizo hazionekani. Ile 36 ya kwenye lebo imepimwa kwa kutoa umeme polepole, kwa saa 20. Betri ya risasi na asidi ukiikamua kwa haraka haitoi yote. Sehemu kubwa, pengine theluthi, hutaipata. Mjerumani Wilhelm Peukert alilieleza jambo hili mwaka 1897. Baridi ya asubuhi nayo inapunguza zaidi.

Halafu kuna upepo. Gari likiongeza mwendo kwa asilimia 10, nguvu ya kuipasua hewa inapanda kwa takribani asilimia 33, kwa hiyo dereva aliyeanza kwa pupa ametumia sehemu ya dakika zake za mwisho. Ndiyo maana magari haya huchongwa membamba na ya chini. Na wembamba huohuo unambana dereva mrefu wakati wa kupokezana, kwa kuwa mbio za dakika 90 haziendeshwi na mtoto mmoja. Anahangaika na mikanda huku saa inakwenda. Nani alikumbuka kuweka miguu yake kwenye mchoro?

Ila kinachonigusa zaidi ni kazi ya kabla ya mbio. Mwanafunzi anainua upande mmoja wa gari, analizungusha gurudumu kwa kidole, anatega sikio. Likizunguka muda mrefu bila mlio, sawa. Likisita mapema, breki ya diski, mara nyingi ile ya baiskeli, inagusa, au beringi imebana, au mnyororo umekazwa mno. Msuguano huo mdogo utakula umeme kwa dakika zote 90, na hakuna mahali katika mpango uliposomeka. Umegunduliwa na aliyegusa chuma.

Mbio zikianza, mita ya ampea iko mbele ya dereva. Wenzake kando ya njia wana saa na karatasi. Walikusudia ampea 20. Sasa mlima na upepo vimekula zaidi na akiba iliyobaki inatosha 17 tu, basi wanashusha, palepale, bila kikao. Mwenye kutekeleza ndiye mwenye kipimo, na kipimo kinamfikia wakati bado kuna la kufanya. Naamini hili ndilo linalokosekana katika miradi mingi kuliko fedha. Kwetu mita hukaa kwa mtathmini, naye hufika bajeti ikiwa imeshafungwa.

Najua mbio zina bahati ya kuwa na kipimo kimoja kisichobishaniwa, na zahanati au shule haina. Hata hivyo hata kazi kubwa zaidi yaweza kuanza kwa kujipima mapema. Chuo Kikuu cha Makerere kilipotoa Kiira EV mwaka 2011, gari la umeme la watu wawili, lilitembea kwanza barabarani Kampala, watu wakiliona. Basi la Kayoola likafuata mwaka 2016, na kiwanda cha Jinja baadaye. Waliolijenga gari lile la kwanza walishajua linachoweza na lisichoweza kabla ya mtu kuchora ukuta wa kiwanda.

Sasa fikiria kamati ya maji ya kijiji. Mara nyingi inakabidhiwa pampu, funguo na hotuba. Pampu inapaswa kutoa lita ngapi kwa saa? Jibu liko kwenye faili, na faili liko wilayani. Maji yakipungua kidogo kidogo kwa miezi, hakuna mwenye haki ya kusema yamepungua, maana hakuna aliyeambiwa yalikuwa kiasi gani. Kuyapima si kazi ya mtaalamu: ndoo ya lita 20 na saa ya simu vinatosha. Kinachodaiwa ni ile namba ya mkandarasi kuandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa kibanda cha pampu, kwa tarakimu ambazo mchotaji anaweza kuzisoma akiwa kwenye foleni.