Bweni la Misheni au Shule ya Kutwa: Hesabu za Mzazi wa Zambia

Tangu Januari 2022, mzazi wa Zambia halipi tena ada ya masomo wala ya mtihani katika shule za umma. Ada iliyobaki juu yake ni ya bweni. Kwa hiyo mtoto akichaguliwa kwenda Canisius, sekondari ya Wajesuiti iliyofunguliwa mwaka 1949 huko Chikuni, wilaya ya Monze, ndugu huuliza: unalipia bweni la nini, na shule ya kutwa ipo?

Inategemea mtoto atalala wapi.

Anayeishi Monze mjini, akatembea nusu saa kufika darasani na jioni akala kwao, sioni sababu ya kumpeleka bweni kwa ajili ya jina la shule. Fedha hiyo inunue vitabu na taa ya sola.

Wa bonde la Gwembe, kusini mwa nchi, ana hesabu nyingine. Shule ya kutwa ikiwa mbali mno kwa miguu, hupanga geto jirani na shule na kujipikia. Hapo kuna kodi, mkaa, mafuta, mboga, na unga wa nshima, yaani ugali wao. Kijana anayekula nusu kilo ya unga kwa siku, katika muhula wa wiki 13 atamaliza kilo 45 na ushei, karibu mifuko miwili ya kilo 25. Mwaka wa ukame wa 2024 mfuko mmoja ulipita kwacha 300. Jumlisha na kodi, ndipo uiweke ada ya bweni pembeni yake. Pengo huwa dogo kuliko ndugu wanavyodhani. Na hata likiwa kubwa, binti wa miaka 14 kulala peke yake chumba cha kupanga, bila mtu mzima wa kumwangalia, ni hatari nisiyoweza kuipangia bei. Wazazi wa huko, Watonga, huuza ng'ombe ili binti apate bweni lenye matroni na uzio. Nawaunga mkono kabisa.

Bweni la misheni halifikii bei za shule binafsi za Lusaka kwa sababu moja kubwa: katika shule za misheni zenye ruzuku, mishahara ya walimu hutoka serikalini, na ardhi na majengo ni ya Kanisa. Mzazi analipia hasa chakula, maji, umeme na ulinzi. Ndiyo maana ukame humfikia moja kwa moja. Mwaka 2024 maji ya bwawa la umeme la Kariba yalipungua, umeme ukawa unakatika saa nyingi kila siku, na mahindi yakaadimika. Shule yenye shamba lake, kisima na sola huvumilia zaidi, basi ukienda kuitazama usiishie kanisani na maabara. Ingia jikoni. Uliza wanafunzi wanakula nini wiki ya mwisho ya muhula, wakati ghala linapokaribia kuisha.

Kabla ya kulinganisha ada, omba orodha ya vifaa: godoro, mablanketi, tranka, ndoo, sare, rimu ya karatasi, pengine jembe. Muhula wa kwanza ndio mzito. Mihula ni mitatu, kwa hiyo nauli ni za safari sita kwa mwaka, na Lusaka hadi Monze pekee ni kilomita 180 hivi. Hela ya matumizi nayo iwe kwenye hesabu.

Asiyemudu asikate tamaa mapema. Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo ulipandishwa mwaka 2022 kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo, na sehemu yake hulipia bweni la wanafunzi wa sekondari wenye uhitaji. Fomu hupitia kamati ya maendeleo ya kata. Zirudishe mapema, na ubaki na nakala. Kisha nenda kwa mhasibu wa shule umuulize: malipo ya mfuko yakichelewa, mtoto atabaki darasani au atarudishwa nyumbani? Jibu lake liandikwe na kugongwa muhuri kabla hujanunua godoro.