Dawa ya damu au dawa ya nguvu?

Juma lililopita jirani yetu mmoja, mama wa watoto wanne, alibisha hodi kwangu akiwa na pakiti ya mizizi mikavu iliyokatwa vipande. Maandishi yake yalikuwa ya Kichina, lakini chini yalikuwapo majina mawili kwa herufi tunazozisoma: huangqi na danggui. Kwa miezi kadhaa mama huyu alikuwa akisikia kizunguzungu, akichoka kwa kazi ndogo, na moyo ukimwenda mbio kila apandapo ngazi. Muuzaji alimwambia kwamba dawa hiyo huongeza nguvu na huongeza damu. Akaniuliza, "Shemeji, sasa hii ni dawa ya damu au ya nguvu?"

Swali hilo ni zuri, na kwa kuwa dawa za Kichina zimekuwa zikiuzwa katika mitaa ya Dar es Salaam tangu miaka ya 1990, nimeona leo tulizungumze sote.

Dawa yenyewe huitwa Danggui Buxue Tang, yaani supu ya danggui ya kujenga damu. Aliiandika tabibu Li Dongyuan mwaka 1247, huko China ya kaskazini, katika zama za vita ambapo watu wengi walidhoofika kwa njaa na kazi za sulubu. Vipimo vyake ni vyepesi: sehemu tano za huangqi kwa sehemu moja ya danggui. Siku hizi kwa kawaida huwa gramu 30 kwa gramu 6. Aliagiza ichemshwe kwa vikombe viwili vya maji hadi kibaki kimoja, ichujwe, inywewe ikiwa vuguvugu kabla ya kula. Huangqi ni mzizi wa mmea wa jamii ya maharage. Danggui ni wa jamii moja na karoti na giligilani.

Hapa pana fumbo. Jina la dawa ni la danggui, mzizi wa damu. Iweje basi sehemu kubwa iwe huangqi, ambayo kazi yake ni kuongeza kile Wachina wakiitacho qi? Neno hili halina mwenzake kamili katika Kiswahili. Qi ni pumzi, ni nguvu, ni uhai unaotembea mwilini. Tiba ya Kichina hufundisha kwamba qi ndiyo jemadari wa damu, na damu ndiyo mama wa qi. Qi huizalisha damu, huisukuma na huizuia isimwagike ovyo. Damu nayo huilisha qi. Kwa hiyo, aliyepungukiwa na damu huongezewa qi kwanza, ndipo damu ifuate. Basi nikamjibu jirani yangu: kwa fikra za Wachina, ni dawa ya vyote viwili.

Lakini jibu langu halikuishia hapo. Li Dongyuan aliandika onyo ambalo halikuwapo kwenye pakiti. Alisema dawa hii ni ya mtu aliyepatwa na joto, kiu na wekundu wa uso kwa sababu ya njaa na uchovu, na kwamba hali hiyo hufanana mno na homa nyingine ambayo dawa yake ni tofauti kabisa. Tabibu akikosea na kumpa mgonjwa wa njaa dawa ya ile homa nyingine, mgonjwa atakufa. Kwa maneno mengine, sura ya ugonjwa inaweza kuwa moja, na chanzo kikawa kingine.

Sisi nasi tunalijua jambo hilo. Mtu mwenye damu pungufu huchoka na kupauka, awe ameliwa na minyoo ya safura, ameshambuliwa na malaria, amekosa madini ya chuma katika chakula, ana selimundu, au anavuja damu mahali fulani. Daktari wa hospitali asemapo "damu" ana maana ya kitu kinachopimika: kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, amepungukiwa. Mchina wa jadi asemapo "damu" ana maana pana zaidi, na hakuna mashine ya kuipima hiyo. Kuzichanganya damu hizi mbili ndiko kunakoleta hatari.

Sisemi haya kwa kuidharau tiba ya Kichina. Artemisinini iliyomo katika dawa mseto ya malaria ilitokana na mmea ambao mtafiti Tu Youyou alidokezewa na kitabu cha kale cha Kichina. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa hiyo huiokoa damu yetu kwa sababu huua vimelea vinavyoiharibu. Imelenga chanzo, na imejaribiwa kwa wagonjwa.

Mke wangu alimsindikiza jirani hadi hospitali. Kwa ruhusa yake nawaambieni kwamba kipimo kilisoma 8. Chanzo kilikuwa uvimbe katika mfuko wa uzazi, uliomfanya avuje damu nyingi kila mwezi. Dukani hakulisema hilo kwa kuona haya, na muuzaji hakumwuliza. Tabibu wa Kichina aliyehitimu angemtazama ulimi, angempima mapigo ya mkono, na angemwuliza habari za hedhi. Kwa hiyo kosa lilikuwa la kuuza bila kuuliza.

Ameanza kutibiwa, na pakiti ameihifadhi kabatini. Nilimwomba asiinywe kabla ya kumwonyesha daktari, kwa maana danggui inaweza kuzidisha nguvu ya dawa za kuzuia damu kuganda, kama vile wafarini, na haimfai anayevuja damu bila uangalizi.

Basi, ndugu zangu, ukiambiwa "huna damu," usiulize kwanza dawa gani itaiongeza. Uliza damu imekwenda wapi. Hadi juma lijalo, kwaherini.